Tulivyokwenda Kumtoa Kaka Gerevazi Hemani

Tangu turudi sijapata amani. Kanisani nasimamishwa, kituo cha basi nasimamishwa, juzi nimesimamishwa hata kwenye foleni ya unga wa mahindi dukani, mtaa wa Iroquois, na swali ni lilelile: ilikuwaje kwa Gerevazi? Kila mtu nimempa kipande, na sasa vipande vimeanza kuungwa vibaya. Kuna aliyeniuliza kama ni kweli tulimfunga kamba. Basi nimekaa niandike yote mara moja mjisomee, na mkimaliza mniache nipange foleni kama watu wengine.

Kwa asiyetujua: Gerevazi ni kaka yangu mkubwa, kifungua mimba wa mama yetu. Anaishi Cheektowaga, karibu na Buffalo, na mkewe Leoniya na watoto wao wawili, Aline wa miaka kumi na Bosco wa miaka saba. Mimi, Mama na dada yetu Ivona tuko Louisville, mtaa wa Beechmont. Tulitoka Burundi mimi nikiwa na miaka mitatu na Kaka akiwa na kumi na miwili, tukakaa kambini Tanzania miaka kumi na minne kabla ya kuletwa Amerika. Mwaka wa kwanza wote tulilala ndani ya hema, na baba yetu alifariki mwaka huohuo. Mimi sikumbuki kitu. Mama anakumbuka kila kitu.

Louisville: maneno yanafika

Habari ilitufikia Jumamosi moja ya Februari baada ya mazoezi ya kwaya, imeletwa na wanakwaya waliotoka kuimba Columbus. Gerevazi analala kwenye hema, kando ya ziwa, theluji ikianguka.

Kwa jirani yangu Mmarekani hiyo si habari ya kumfanya aweke kikombe chini. Kwetu ilikuwa na maana moja tu. Mtu halali hemani kwa kupenda. Hemani analala aliyefukuzwa mahali. Kufika jioni hadithi ilikuwa imekamilika yenyewe: kazi imekwisha, nyumba imechukuliwa, Leoniya ameondoka na watoto.

Mama akampigia simu mbele yangu.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Niko ziwani, Mama."

"Uko salama?"

"Salama kabisa," akasema Kaka, akacheka.

Mama akaaga, akakata simu. Kisha akaniambia, "Amecheka."

"Sasa kucheka nako ni kubaya?"

"Onesmo, kule kambini tulipokuwa tunakula mara moja kwa siku, ndugu tulikuwa tunawaandikia nini?"

"Kwamba tuko salama."

"Ehe."

Nikamshauri ampigie Leoniya. Aliniangalia kama mtu aliyeona mtoto wake amevaa shati nje ndani. "Mimi nimpigie mkwe wangu nimuulize kama amemfukuza mume? Kama hajamfukuza, nimemtukana. Kama amemfukuza, nimempa nafasi ya kunijibu."

Akaamua tutakwenda wenyewe, na njiani tutamchukua Baba Mdogo Matayo kule Columbus. Kwetu mtu mzima mwenye watoto hakemewi na mdogo wake, wala na mama peke yake. Anasemeshwa na ndugu wa baba yake. Ivona abaki alinde nyumba. Halafu Mama akaingia chumbani kwangu, akatandika shuka mpya, akaondoa viatu vyangu. Chumba kilikuwa tayari ni cha Gerevazi. Mimi nikahamia kwenye kochi hata safari haijaanza.

"Ninamtoa kwenye hilo hema," akasema. "Sirudi Beechmont bila yeye."

Louisville mpaka Columbus: sufuria na daraja

Tuliondoka Ijumaa alfajiri, baada ya mimi kuomba ruhusa kazini kwangu ghalani kwa sababu ya kifamilia, ambayo ndiyo sababu ya kweli kuliko zote nilizowahi kuandika. Mama alikaa nyuma na sufuria ya maharage aliyoifunga blanketi mbili na kuivalisha mkanda wa gari. Nilimwambia njiani kuna migahawa. Akasema migahawa iko tangu zamani na bado watu wanakufa.

Cincinnati tulikwama kwenye foleni ya magari karibu saa nzima. Pembeni, chini ya daraja, palikuwa na mahema matatu ya watu wasio na makazi. Moja lilikuwa la buluu, limepasuka, limezibwa kwa mfuko wa takataka. Mtu mmoja alikuwa amekaa mbele yake amejifunika uso. Mama aliyatazama mpaka foleni ikasogea, na nilipomwangalia kwenye kioo nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anaomba kwa Kirundi. Kuanzia hapo sikumtania tena mpaka Columbus, na mimi mwenyewe nikaanza kuogopa.

Columbus: koti la Baba Mdogo

Mpango wangu ulikuwa tufike Columbus saa nne asubuhi, Baba Mdogo apande, twende. Niliupanga mpango huo kama mtu asiyemjua Baba Mdogo.

"Siwezi kusimama mbele ya mtoto wa marehemu kaka yangu nimevaa sweta," alisema. "Hili ni jambo la koti."

Koti lake la suti, la pekee, lilikuwa limeazimwa na jirani Mkongomani aliyekwenda nalo harusini Dayton, na angerudi jioni. Nikasema twende na sweta. Wote wawili, yeye na Mama, walinitazama kwa namna ya kunifundisha adabu. Basi siku nzima ikaishia kwa Baba Mdogo, tunakula sombe ya majani ya muhogo na wali, tunasubiri koti.

Koti lililetwa na mke wa jirani mwenyewe, Mama Furaha. Kumbe ni yeye aliyekuwa chanzo cha habari yote, maana mwezi uliopita alikwenda Buffalo kumtembelea ndugu yake, wakampeleka ziwani kupiga picha za theluji. Mama akamkalisha mara moja.

"Bon, Mama Gerevazi, mi nilimuona na macho yangu," Mama Furaha akasema. "Alikuwa anapika inje, theluji iko inaanguka, amevaa makoti mbili. Nikamuambia, Gerevazi, ni wewe? Akasema ni miye, kuya unywe chai. Donc nikakunywa."

"Alikuwa na huzuni?"

Mama Furaha akafikiri kwa haki kabisa. "Huzuni, sijue. Chai ilikuwa muzuri."

"Na mke wake?"

"Siku ile bibi yake hakukuwa."

"Na hiyo habari ya kufukuzwa?"

"Iyo, apana. Mi nilisema niliona hema, nikanyamaza. Ya kufukuzwa ilitoka kwa bamama ya korali, ile kwaya yenu."

Nilidhani hapo Mama atatulia. Badala yake alisikia neno moja tu katika yote, kwamba mke hakuwepo, akaenda kulala bila kula.

Columbus mpaka ziwani: kuni

Jumamosi asubuhi nilimkuta Baba Mdogo, amevaa koti la suti, anapakia kuni nyuma ya gari. Mti wa uani kwake ulianguka msimu wa dhoruba akaupasua mwenyewe.

"Mtu wa hemani unampelekea nini, maua?" akaniuliza. "Kambini, aliyekuletea mzigo wa kuni ndiye aliyekupenda."

Sikubisha. Gari lilinuka kama jiko la nyumbani mpaka Cleveland, na kusema kweli harufu ile ilinituliza.

Baada ya Cleveland barabara inafuata ziwa. Theluji ilianza kidogokidogo, halafu ikawa inatujia usoni, nikaendesha taratibu nyuma ya gari la kukwangua theluji kwa muda mrefu sana. Tukasimama kwenye kituo cha kupumzikia. Mama akapasha maharage yake kwenye maikrowevu ya pale, na harufu ikamvuta dereva mmoja wa lori, mzee mwenye ndevu nyeupe, akauliza ni kitu gani. Mama hakuelewa Kiingereza chake lakini alielewa pua yake. Akampakulia kikombe kizima.

Mzee akala, akamtazama Baba Mdogo na koti lake, akauliza tunaelekea harusini au msibani. Nikamweleza kwamba kaka yangu anaishi kwenye hema katika hifadhi ya jimbo, kando ya ziwa, na tunakwenda kumtoa.

"Hifadhi ile inafunguliwa mwaka mzima," akasema. "Mimi mwenyewe huwa nalala pale mwezi wa kwanza. Hakuna mbu, hakuna kelele. Mnamtoa kwa nini?"

Nilimtafsiria Mama. Akamtazama yule mzee kwa huruma, akamwongezea maharage.

Tulifika langoni saa tisa alasiri. Mlinzi wa hifadhi alikuwa mama wa makamo mwenye kofia ya manyoya, mpole, akasalimia kila mtu, kisha akaona kuni. Akatueleza kwamba kuni za kutoka jimbo jingine haziruhusiwi, kwa sababu ya wadudu wanaosafiri ndani ya magome na kuua miti. Lazima tuziache kibandani kwake zichomwe hapohapo.

Baba Mdogo alinitaka nitafsiri mara mbili. "Miaka yote kambini," akasema, "nilidhani ni watu tu wanaozuiwa mpakani." Lakini alishuka mwenyewe, akazibeba, akazipanga vizuri kama anampangia mwenye nyumba.

Nikamtajia yule mama jina la Kaka. Hakulijua. Nikaeleza: Mwafrika, mrefu, mwenye hema. Uso wake ukafunguka. "Ah, Jerry. Nafasi ya kumi na saba, mwisho kabisa, karibu na maji."

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anasema hapa wanamwita Jerry."

Mama akafumba macho. "Wamemnyang'anya hata jina."

Nafasi ya kumi na saba

Ziwa lilikuwa limeganda ukingoni, na mbele zaidi maji yalikuwa ya kijivu. Hema lilikuwa kubwa, la turubai zito, na bomba la moshi likitoka juu yake. Kaka alikuwa nje, ameinama kwenye moto, anakaanga kitunguu. Amenenepa kidogo. Bosco alikuwa anasomba theluji kwa koleo, Aline akikaza kamba ya hema.

Kaka akainua macho. Akamwona Baba Mdogo amevaa koti la suti. Akamwona Mama. Akaniona mimi. Halafu nikaona macho yake yanatafuta nyuma yetu, garini, na hayampati mtu.

Kikaango kikaanguka kwenye theluji.

"Ivona," akasema. "Ni Ivona?"

Sikuelewa kwanza. Baba Mdogo ndiye aliyeelewa, akachelewa. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Wanakuja wazee, wamevaa vizuri, hawakutoa taarifa, wanaanza kukaa. Sisi tulikuwa tumekuja hivyohivyo, na mtu mmoja wa nyumba hayupo. Kaka akapiga magoti kwenye theluji akaanza kulia kwa sauti. Mama naye, alipomwona mwanawe analia, akajua yote aliyosikia ni kweli, akaenda akamkumbatia, akalia zaidi yake.

"Nimekuja, mwanangu. Nimekuja kukutoa hapa."

"Amekufa lini, Mama?"

"Nani amekufa?"

"Ivona."

"Ivona yuko nyumbani anatazama televisheni," nikasema mimi, maana hakuna mwingine aliyekuwa katika hali ya kusema. Nikampigia Ivona pale pale, nikamwekea Kaka simu sikioni. Ivona aliposikia mtu mzima analia akauliza kama Mama amekufa. Ilituchukua muda kuwafufua watu wote.

Leoniya alifika wakati huo, katoka zamu yake ya kuhudumia wazee, bado amevaa sare, na sinia la samaki mkononi. Alikuta wakwe zake wameketi kwenye theluji. Nilimweleza yote, pamoja na ya kufukuzwa, kwa sababu kuficha kungekuwa kubaya zaidi.

"Mama," akasema taratibu, "ningemfukuza ningemrudisha mwenyewe mpaka mlangoni kwako, na mizigo yake. Si ndivyo ulivyonifundisha?" Kisha akacheka, na Mama akacheka kwa aibu, akampokea sinia. Nyumba ya Cheektowaga ipo palepale, na kazi ipo. Kaka huja ziwani na watoto karibu kila wikendi, kiangazi na masika, hata baridi hii, na Leoniya huwaletea chakula na kurudi kulala kwake. Yeye mahema aliyamaliza.

Lakini Mama hakuwa amemaliza. Tulipoingia ndani, karibu na jiko la chuma, Baba Mdogo akavuta koti lake sawasawa, akasema sasa aulizwe mtoto mwenyewe. Mama akauliza.

"Una nyumba. Una kitanda. Kwa nini unalipa ulale mahali ambapo mimi nililia mwaka mzima nikitaka kutoka?"

 Kaka akachochea jiko.

"Kazini naambiwa boksi liende wapi," akasema. "Nyumbani barua ikija, Aline ndiye anayenisomea. Shuleni wakiniita, Aline ndiye mkalimani, hata siku ambayo aliyekosa ni yeye. Nikiongea na watoto Kiswahili wananijibu Kiingereza. Lakini hapa, Mama, nikimwambia vuta kamba, anavuta. Akiniuliza kwa nini tunafunga upande huu, najua jibu. Upepo ukija hata Wazungu wa nafasi za jirani wananiita. Hiki ndicho kitu ninachokijua. Na kesho saa tano asubuhi muda wangu unakwisha, nakunja, naondoka. Hakuna wa kunizuia na hakuna wa kuniandikia kibali cha kutoka."

Mama alikuwa anaangalia mikono yake.

"Miaka yote hii," akasema, "kila nikikuona umekaa kimya nilisema ni lile hema. Baba yenu tumemzika, nina watoto watatu, na wewe mtoto wa miaka kumi na miwili ndiye unayechimba mtaro mvua ikija. Nilisema nimemharibia utoto. Nimelibeba hilo mpaka Amerika. Sikuja kwa maneno ya kwaya, Gerevazi. Nimekuja kwa sababu ya hilo."

"Nilikuwa naogopa, Mama. Sikatai. Lakini sikuharibika."

Sijawahi kumpenda kaka yangu kama wakati ule, na sikumwambia, kwa hiyo namwambia hapa. Baba Mdogo, ambaye tangu Columbus alikuwa ameandaa hotuba ndefu, alikohoa akasema maneno yamekwisha. Mama akamgeukia. "Shemeji, nilisema sirudi bila yeye. Nitarudi." Nami nikajua kitanda changu kimepona.

Tukala samaki. Baba Mdogo akaenda na Leoniya kulala nyumbani Cheektowaga, kwenye godoro, kama mtu mwenye akili. Mimi na Mama tukasema tutabaki. Watoto wakaanza kutandika mifuko ya kulalia, na Mama akawauliza kila mtu analala wapi. Aline akamwonyesha kwa kidole: yeye hapa, Bosco pale, wageni kule.

"Na baba yenu?"

"Mlangoni," Aline akajibu, kwa Kiswahili. "Baba analala mlangoni siku zote."

Niliona uso wa Mama unabadilika, nikamuuliza kuna nini. Ndipo akanisimulia, mbele yao wote, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Siku ya kumzika baba yetu, jioni, Gerevazi aliuchukua mkeka wake bila kuambiwa na mtu, akautandika mlangoni mwa hema, mahali alipokuwa analala Baba. Akalala hapo mpaka mwaka ukaisha. "Na mimi nilimwona," Mama akasema, "nikamwacha. Nilikuwa nahitaji mtu wa kulala mlangoni."

Akasimama na goti lake bovu, akauvuta mfuko wa Kaka mpaka katikati, kati ya Aline na Bosco. Akautandika wa kwake mlangoni.

"Leo mlangoni nalala mimi."

"Mama, hapo kuna baridi."

"Najua kilichopo mlangoni. Wewe ingia ndani."

Kaka alisimama kidogo, mtu wa miaka thelathini na tatu, kichwa kikigusa turubai. Halafu akaingia katikati ya watoto wake, akalala.

Asubuhi Mama alikuwa ameshawasha moto na kuchemsha chai. Watoto wakatoka, mimi nikatoka. Leoniya na Baba Mdogo wakarudi na mikate. Kaka, ambaye Leoniya anasema tangu amuoe hajawahi kuamka baada ya mtu mwingine, alikuwa bado anakoroma. Mama akatukataza kumwamsha. Tukanywa chai kimya, tumezunguka moto, tunamsikiliza.

Ilipokaribia saa tano, saa ya kukunja, majirani wakaanza kung'oa vigingi. Mama akaweka kikombe chini. Akamshika Aline mkono awe mkalimani wake, wakashika njia ya theluji polepole mpaka kibandani, kumwomba yule mama mlinzi saa moja zaidi, ili mwanawe asitolewe hemani.